Rangi Anazoziona Mama

9 Februari

Mdogo wangu,

"Mama ameanza kuona rangi ambazo hazipo." Sentensi hiyo ni yako, ipo katikati ya barua yako, imeandikwa kwa utulivu kama mtu anayetaja hali ya hewa. Zipo. Nitakurudia hapo, lakini salamu kwanza, usije ukasema mimi huingia kwenye barua kama mtu anayevunja mlango.

Huku hatujambo. Goti la shemeji yako limetulia, ingawa bado analitaja kila akiombwa kwenda dukani. Mpwa wako amepata leseni ya udereva baada ya kushindwa mara mbili, akasherehekea kwa kugonga geti letu. Mimi nafundisha fizikia asubuhi na kugombana na mhariri jioni. Wiki hii amenikata aya mbili kwenye safu yangu, nami nimemwandikia malalamiko marefu kuliko aya zenyewe. Najua ungependa nipige simu badala ya kuandika. Kwenye simu unanikatiza. Karatasi huwezi kuikatiza.

Sasa tuingie ndani. Unaniambia umenunua projekta kwa ajili ya karakana, ili mchoro wa bango umulikwe ukutani na mafundi waufuatishe kwa brashi, badala ya mama kupima herufi kwa uzi na chaki kama alivyofanya tangu tukiwa wadogo. Sawa. Unaniambia mama alitazama maandishi yaliyomulikwa, akageuza kichwa, akasema herufi zinaachana rangi pembeni: nyekundu, kijani, buluu. Mafundi wote wakatazama ukuta uleule, hakuna aliyeona kitu. Muuzaji wa projekta akaitwa, akacheka kwa adabu. Baba mdogo akaitwa, naye akasema umri ukifika, akili hutangulia kuondoka. Ndipo wewe ukabuni mtihani. Ukammulikia mama mraba mweupe, akasema una vipande. Ukammulikia mweusi, akasema, "Hiyo si nyeusi, ni ukuta wangu ambao hujauwasha." Ukammulikia wa njano, akasema, "Humo nyekundu na kijani wanakimbizana." Ukamwekea kosa mara tatu, ukamnyang'anya ufunguo wa karakana aliyoijenga yeye na baba.

Mdogo wangu, mama amepata zote tatu. Aliyefeli ni msahihishaji.

Sikiliza mashine yako inavyofanya kazi. Kwa maelezo yako, na kwa ile picha uliyonitumia ya mgongo wake, ni ya aina yenye gurudumu la rangi. Ndani mna taa moja kali yenye mwanga mweupe. Mbele ya taa kuna kisahani cha kioo kinachozunguka kwa kasi, kimegawanywa vipande: chekundu, cha kijani, cha buluu. Kwa hiyo mwanga unaopita huwa mwekundu, halafu kijani, halafu buluu, halafu unarudia, haraka kuliko unavyopepesa. Mwanga huo unaangukia kwenye chipu ndogo kuliko stempu, na juu ya chipu hiyo kuna vioo, mamia ya maelfu, vidogo hata uzi wa mama ungeonekana gogo mbele yake. Kila kioo kinasimamia nukta moja ya picha. Kikiinamia upande mmoja, kinatupa mwanga kwenye lenzi, na nukta yake ukutani inawaka. Kikiinamia upande wa pili, mwanga unatupwa pembeni, humohumo ndani ya mashine, na nukta inabaki giza.

Basi njano yako inatoka wapi? Hakuna kipande cha njano kilichohitajika. Kioo kinainamia lenzi wakati wa nyekundu, kinainamia lenzi wakati wa kijani, kinageukia pembeni wakati wa buluu, na jicho linajumlisha. Najua utashtuka, kwa sababu wewe ni mtoto wa mchora mabango. Kwetu nyekundu ukiikoroga na kijani kwenye kopo unapata tope. Ndiyo maana ulicheka aliposema. Umepima taa kwa sheria za kopo! Rangi ya kopo inameza mwanga, kila ukiongeza inameza zaidi. Mwanga juu ya mwanga unaongezeka.

Na nyeusi? Hakuna taa inayomulika nyeusi. Vioo vimegeuka tu, ukuta umeachwa kama ulivyo. Ukuta wa karakana yetu ni wa rangi ya maziwa, na madirisha hayana pazia, kwa hiyo "nyeusi" yako ilikuwa ukuta wa maziwa kivulini. Mama alikwambia hivyohivyo kwa maneno machache kuliko yangu.

Rudisha ufunguo. Kisha niandikie mama amesema nini.

Dada yako


3 Machi

Dada, Wakili wa Mama,

Shikamoo. Barua imefika, na ilifika kwa mama kabla ya kufika kwangu, kwa sababu mleta barua anamjua yeye. Kwa hiyo nilipoifungua ilikuwa imeshafunguliwa, na mama alikuwa amekaa mlangoni akijipepea nayo. Asante sana kwa msaada wako.

Sote wazima. Mke wangu anakusalimu, anasema nguo uliyomtumia ni nzuri lakini ulipima kwa macho ya mapenzi, haimwingii. Paa la karakana tumeliziba. Kazi zipo: tuna ukuta mzima wa duka la dawa, na bango la shule ya chekechea lenye twiga wanaotakiwa kutabasamu. Twiga hatabasamu, dada. Nimejaribu.

Nimesoma habari za vioo. Inawezekana ni kweli. Wewe umesoma, mimi nimesoma mabango. Lakini jiulize swali moja ambalo hukujiuliza katika kurasa zote zile: kama rangi zinapita moja moja kwa kila mtu, mbona tumetazama sote na ameona yeye peke yake? Nina mafundi wenye macho ya kuona kosa la unywele mmoja. Muuzaji naye anatazama ukuta kutwa nzima. Watu wote hao ni vipofu, na mwanamke wa umri wa mama ndiye mwenye macho?

Hukuwepo hapa, dada. Unajua ninachosema. Sitaki kurudia yale ya baba.

Ufunguo uko kwenye mfuko wa koti langu, na utakaa hapo. Si adhabu. Chakula anapikiwa, redio anayo, jua analiota. Baba mdogo anaona vilevile. Mwezi wa sita tutakaa kikao cha familia tuliweke jambo wazi, mama apumzike rasmi, jina la karakana liandikwe upya.

Mama anakusalimu. Alitaka kuongeza neno nikamwambia nafasi imekwisha.

Mdogo wako


20 Machi

Mdogo wangu,

Nafasi imekwisha! Chini ya sahihi yako palibaki nusu ukurasa mweupe. Nimeupima kwa rula.

Salamu kwa wote. Mwambie mke wako nguo airudishe, nitaipunguza aibu kwa kuiongeza kitambaa. Geti letu limenyooshwa. Mhariri amenirudishia aya moja kati ya mbili, na mimi sijampongeza.

Swali lako ni zuri, na nilistahili kuulizwa. Jibu ni kwamba macho hayafanani. Ukitulia kutazama nukta moja, nyekundu, kijani na buluu zinaangukia mahali pamoja ndani ya jicho lako, moja juu ya nyingine, na unaona nyeupe. Ukilisogeza jicho ghafla, kila rangi inaangukia pake, pembeni kidogo ya mwenzake, na ile nyeupe inaachana. Wako wasioligundua kamwe. Wako wanaoliona kila mara hadi kichwa kinawauma. Huyo si mgonjwa. Na mafundi wako wanatazamaje? Wanakaza macho kwenye mstari wanaoufuatisha. Nani pale karakana ana tabia ya kuruka na macho kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, kurudi, kwenda tena, kuhakikisha nafasi zinalingana? Unamjua. Amekuwa akifanya hivyo tangu kabla hujazaliwa, na wewe ukimwigiza tukicheka mezani.

Hata mashine zenyewe hazifanani. Iko aina nyingine isiyo na gurudumu. Ile inapasua mwanga mweupe kwa vioo vya kuchagua: kioo kimoja kinarudisha nyekundu na kupitisha zinazobaki, kingine kinarudisha kijani, kila rangi inapita kwenye dirisha lake dogo la picha, halafu zote tatu zinakutanishwa na kutoka pamoja. Mbele ya mashine hiyo mama asingeona kitu, na ningekuwa wa kwanza kushtuka kama angeona. Huoni kwamba hilo linaweza kupimwa? Hutaki kupima. Umeshaamua, sasa unakusanya mashahidi. Kura za mafundi hazibadilishi kinachotoka kwenye lenzi.

Basi fanya hivi, ni kazi ya muda wa kuchemsha chai. Mulika ukuta uwe mweupe mtupu. Simama karibu na mwanga, tandaza vidole, upunge mkono mbele ya mwanga huo kwa haraka. Tazama kingo za vidole na kivuli chake. Kisha useme kama rangi hazipo.

Mama, shikamoo. Najua unaisoma wewe kwanza. Mwanao akikataa kupima, pima mwenyewe, umwite aone.

Dada yako


2 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Huku wazima. Sijui niandike nini zaidi, kwa sababu hujajibu, na nilipopiga simu mke wako alisema upo kazini, na nilipopiga tena alisema umelala, saa nne asubuhi. Mama hakupewa simu. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Kama kuna jambo, liseme.

Dada yako


19 Mei

Dada,

Shikamoo. Tuko salama sasa, ndiyo maana naandika. Duka la dawa limekwisha na mwenyewe ameridhika. Twiga wanatabasamu, usiulize vipi.

Mama alianguka. Ilikuwa siku chache baada ya barua yako ya Machi kufika. Mimi nilikuwa nimekwenda kuchukua mbao. Alimwambia fundi wa herufi amfungulie mlango, na fundi yule tangu siku ya kwanza hajui kumnyima mama kitu. Projekta ilikuwa inawaka, imewekwa juu kwenye rafu tuliyoipigilia karibu na dari. Mama akaomba ukuta uwe mweupe. Akapanda ngazi ili afike kwenye mwanga, akapunga mkono kama ulivyomwelekeza, akaona anachotaka kuona, akacheka kwa sauti. Fundi anasema alicheka kama msichana. Kisha akageuka aitazame lenzi yenyewe, ajue gurudumu linakaa wapi. Mwanga ukampiga machoni. Akakanyaga hewa.

Amevunjika kifundo cha mkono wa kulia. Ndiyo, wa kulia. Amefungwa plasta mpaka karibu na kiwiko. Daktari wa mifupa ameridhika, anasema mfupa umekaa vizuri, mazoezi yataanza plasta ikitolewa, vidole vinacheza vyote. Hospitali walituhudumia vizuri. Wakampima na shinikizo la damu, liko sawa. Daktari wa macho naye alimtazama palepale, akasema macho yake ni mazuri kwa umri wake, ila. Tulirudi nyumbani siku ileile. Kitanda chake tumekihamishia chumba cha mbele ili asipite penye ngazi ya ua.

Nitakwambia jambo lingine kwa sababu ukilisikia kwa fundi utaniita mwongo. Nilipotoka hospitali nilipitia karakana. Projekta ilikuwa bado inawaka, hakuna aliyekumbuka kuizima. Nikapanda, nikanyoosha mkono haraka kukishika kitufe. Nikaona. Kila kidole kilikuwa na vingine pembeni yake, chekundu, cha kijani, cha buluu. Nikapunga tena. Nikakaa juu ya ile ngazi kwa muda.

Kwa hiyo sawa. Umeshinda. Andika gazetini. Lakini mimi ndiye niliyemkuta amekaa sakafuni ameshika mkono wake, anajaribu kunichekesha ili nisilie. Na mimi ndiye niliyemkuta baba barabarani siku ile, baada ya mwaka mzima wa kutuambia anaona vizuri. Wewe ulikuja siku ya tatu ya msiba. Sikulaumu, nauli na umbali navijua. Lakini kati yetu wawili, wewe unajua mwanga, na mimi najua kuokota watu.

Kikao ni Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita. Baba mdogo atakiongoza. Mama atapumzika, dada. Andika utakachoandika, nitakisoma mbele yao, hilo nakuahidi.

Mama amenilazimisha niandike maneno yake yalivyo: "Mwambie nimeziona. Zinapita kama watoto watatu wanaokimbia dirishani, ukitulia unadhani ni mtoto mmoja."

Mdogo wako


1 Juni

Baba mdogo, shikamoo. Mdogo wangu, habari za hapo. Barua hii ni yenu wawili, na naomba isomwe kwa sauti kama nilivyoahidiwa.

Huku hatujambo, goti, geti na mhariri vyote viko kama vilivyokuwa. Sina utani mwingine leo.

Naanza na langu. Nakala ya barua yangu ya Machi ninayo. Nimeisoma tena nikitafuta mahali nilipoandika "simama sakafuni" au "usitazame lenzi". Sikuandika. Mwanafunzi wangu ningempa onyo hilo kabla hajagusa swichi. Mama yangu nilimpa tu hoja ya kushinda mabishano, nikamwambia aende peke yake. Kifundo kile kimevunjika kwa mkono wangu pia. Baba mdogo, kama kikao kinatafuta wa kulaumiwa, andikeni jina langu, msiandike la fundi.

La pili. Mdogo wangu, umejaza ukurasa kwa mfupa na plasta, na macho umeyapa nusu mstari unaoishia kwenye neno "ila". Ila nini? Nimempigia mama kupitia simu ya fundi, nikamwuliza. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho anayeanza. Linatibika, na tarehe ya kurudi kliniki ameshapewa. Hukuliandika kwa sababu uliogopa nitalikataa. Silikatai. Nalisema mimi mwenyewe mbele ya Baba mdogo ingawa linawasaidia ninyi. Apelekwe kliniki siku hiyo, na ngazi mnyimeni. Mwanamke wa umri wake, jicho moja lina ukungu, hana kazi juu ya ngazi, na nitamwambia hivyo usoni akinichukia. Mashine iteremsheni, iwekwe penye kimo cha mtu, na siku mtakapoibadilisha chukueni ile isiyo na gurudumu.

Lakini ngazi ni kitu kimoja na karakana ni kingine, na ninyi mmevifunga kwenye furushi moja.

La tatu nimelikwepa katika kila barua. Baba. Ulinitajia mwezi wa tatu, nikakujibu kuhusu vioo. Ulikuwa peke yako siku ile, mdogo wangu. Nilifika siku ya tatu, nikapika chai, nikapanga viti, nikaondoka na maneno yangu mazuri. Tangu hapo unaishi na mtu aliyesema anaona wakati haoni, na kila mzee akikwambia "naona" unasikia breki za gari. Ningekuwa wewe ningeogopa vilevile.

Ila tazama ulichokifanya kwa hofu hiyo. Baba hakuona, akasema anaona, nasi tukamwamini kwa sababu ilikuwa rahisi. Mama ameona, akasema ameona, nanyi mmekataa kumwamini kwa sababu hiyo nayo ilikuwa rahisi. Mara zote mbili hakuna aliyepima. Baba mdogo, wewe ulisema akili hutangulia kuondoka. Kwa heshima zote, akili ya nani iliondoka hapa? Mwanamke aliletewa mashine asiyoijua. Akaitazama, akasema nyeupe yake ina vipande, njano yake ni rangi mbili, nyeusi yake si kitu. Hakuna aliyemfundisha. Mimi nilihitaji miaka ya chuo kuambiwa hayo. Mkamjibu kwa kumpa redio na jua.

Na wewe, mdogo wangu, uliketi juu ya ngazi ileile, ukaona vidole vyako vimeachana rangi. Ulijua siku hiyo. Kisha ukaandika "atapumzika" kana kwamba hukuona. Mpaka hapo sikuwa na ugomvi na macho yako.

Mkono wa kulia utachukua muda, na huenda usirudi kwenye herufi nyembamba. Basi herufi zitapigwa na mafundi. Nani atawaambia kwamba nafasi kati ya herufi ya tatu na ya nne imepanuka? Nani atakorogea twiga rangi? Kazi hizo zinafanywa kwa kukaa kwenye stuli, sakafuni, ukiwa na jicho moja zuri na ulimi mkali. Anavyo vyote viwili, na ninyi mmeusikia huo ulimi.

Sasa ninachotaka, na ninakitaka kwenu wawili, leo. Baba mdogo, funga kikao. Jina la karakana lisiguswe, na kama mnataka kujua mama anataka kupumzika au hataki, mwulizeni, kwa sababu katika barua zote hizi sijasoma mahali alipoulizwa. Yuko chumba cha mbele, anawasikia mkisoma. Na wewe, mdogo wangu, koma hapa. Weka karatasi chini, toa ufunguo kwenye mfuko wa koti, nenda ukamkabidhi. Mwekee kwenye mkono wa kushoto. Wa kulia bado umefungwa.

Dada yako